Tanuri Baridi la Ukavuni

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nchi ya Ukavuni ipo. Wako watakaokwambia haipo, na ukiwauliza wao wamefika wapi, utakuta hawajavuka hata mto wa kwao. Kidawa binti Haji alifika, akatoka, na haya ninayosema nimeyapata kinywani mwake, sikuongeza chumvi.

Kwao Kidawa ni Tambani. Mwaka ule mvua ilinyesha Tambani mpaka watu wakachoka kuilaumu. Mikeka iliota ukungu, viatu vikaota ukungu, chumvi ikageuka uji. Lakini kilichowatia watu hofu kweli ni mbegu ya mtama mwekundu, ule wa kwao tu, usiopatikana kwingine kokote. Vilibaki vibuyu viwili. Kimoja kilikaa ghalani kwa Bwana Makame, mjomba wake Kidawa, ambaye ndiye mtunza ghala. Cha pili kilikuwa kimeanza kutoa uvundo. Wazee wakaamua hicho cha pili kipelekwe Ukavuni, nchi inayosifika kwamba huko hakuna kinachooza, kikaushwe na kirudishwe kabla ya msimu wa kupanda. Akachaguliwa Kidawa kwa sababu ni mbishi, na mtu mbishi hapotei. Huuliza njia mpaka anaowauliza wakamsindikiza wapate kupumzika.

"Nenda, mwanangu, wala usiende roho juu," mjomba Makame alimwambia walipoagana. "Kibuyu changu kizima kabisa. Hata hicho kikipata ajali, tunacho hiki."

"Umekifungua ukakiangalia, mjomba?"

"Kizima kabisa," alisema mjomba, kisha akaingia ndani haraka, ingawa hakuna aliyemwita.

Kidawa akaondoka na amani. Njia aliyopita siielezi. Haina faida kwenu, na mwenyewe hakuikumbuka vizuri.

Mpakani alikuta askari ameketi nyuma ya meza. "Kavu?" askari alimuuliza.

Kidawa akamtazama. Kofia ya yule bwana ilikuwa inachuruzika. Maji yalimpita puani, yakadondoka mezani, naye akayapangusa kwa kiganja bila kuyaangalia.

"Hapana," alisema Kidawa. "Mimi nimelowa, na wewe umelowa."

Askari alimvumilia kwa upole, kama wanavyovumiliwa wageni. Akamweleza kwamba ile ilikuwa salamu, na jibu lake ni moja tu: kavu kabisa. Mtu akiwa amefiwa, kavu kabisa. Mtu akiwa ametumbukia kisimani, hujibu kavu kabisa kwanza, ndipo aombe kamba. Kidawa hakuliona jambo hilo kuwa geni sana, maana hata Tambani mtu husema nzuri kabla hajasema nyumba imeungua. Akajibu kavu kabisa, akapita.

Ndani ya mji kuta zilivuja nje na ndani. Madimbwi yalikuwa kila mahali, na jina lake la kisheria ni ukavu wa muda. Mtu akiteleza akaanguka, sheria humtaka ainuke, ajifute, na aishukuru barabara kwa ulaini wake. Kidawa alianguka mara kadhaa, akashukuru. Alipokelewa na mkuu wa wageni, Bwana Faki wa ukoo wa Chungwa, mtu mcheshi mwenye ngozi ya rangi ya chungwa lililoiva, ila nyuma ya masikio alikuwa na ukijani kidogo, na kila mara aliushusha kilemba chake kuuficha. Ndiye aliyemweleza utaratibu wa nchi.

Ukavuni, alisema, mali haitunzwi kwa makufuli. Hutunzwa na watu. Kuna koo tatu za watunzaji, na miili yao imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyovuta unyevu kutoka hewani. Mtunzaji hukaa ghalani pamoja na mali, huuvuta unyevu wote mwilini mwake, na mali hubaki kavu. Ukoo wa Chokaa ni weupe, na hubaki weupe hata litokee nini. Ukoo wa Nili ni wa buluu, na mmoja wao akijaa maji hugeuka rangi ya waridi. Ukoo wa Chungwa, ukoo wake yeye, hugeuka kijani.

"Na mtunzaji akishajaa, hufanywaje?" aliuliza Kidawa.

Bwana Faki akashusha kilemba. "Kuna tanuri," alisema. "Jengo zuri sana. Nitakuonyesha kwa nje."

Akamwonyesha kwa nje. Lilikuwa jengo kubwa la matofali, na mlango wake ulikuwa umeota nyasi kizingitini. Kidawa alipouliza mbona halitoi moshi, Bwana Faki alisema kwamba hiyo ndiyo dalili ya mafanikio.

Sasa, sheria ya Ukavuni inataka kila mali ya mgeni ipate mtunzaji, na mtunzaji apatikane kwa mjadala wa Baraza. Kidawa hakutaka mjadala. Alitaka mbegu zikaushwe arudi kwao, msimu haumsubiri mtu. Lakini ndiyo sheria, akakaa na kibuyu chake mapajani, miguu ikiwa ndani ya ukavu wa muda.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mheshimiwa Shaame wa Chokaa, Mkuu wa Ukavu. Mtu mrefu, mweupe pe, kifua kimejaa nishani, na zote zilikuwa za aina moja: Nishani ya Asiyebadilika. "Mgeni wetu, utazame uso huu," alisema. "Ndio nilioingia nao kazini. Una tofauti?" Baraza zima likajibu kwamba hauna.

Akasimama Bwana Faki. "Sisi wa Chungwa hubadilika, sikatai, lakini taratibu na kwa heshima. Na hatuna sumu. Hawa wenzetu wa Nili, ukila nao sahani moja, tumbo litakusimulia."

Wote wakamgeukia mwanamke mmoja mnene wa buluu aliyekaa mwisho wa benchi. Huyo ni Bi Chiku wa Nili. Alisimama akijishika kiuno.

"Ni kweli," alisema. "Sahani yangu mbali na kikombe changu mbali. Sijamficha mtu." Akakaa.

Baraza likaguna. Haikuwahi kutokea msemaji akakubali alichotuhumiwa, na mwenyekiti ilibidi aulizie kama jambo hilo linaruhusiwa. Ikaonekana hakuna kifungu kinacholikataza, lakini wajumbe wakaombwa wasilizoee.

Kisha, loo, wakaanza Chokaa wenyewe kwa wenyewe. Maana ukoo huo una nyumba mbili. Nyumba ya Tundu Nyembamba ilisema kwamba wao hunasa unyevu hata ukiwa mdogo kama pumzi ya kichanga, na wakishaushika hawauachii. Nyumba ya Tundu Pana ikajibu kwamba unyevu mdogo si unyevu, ni mzaha. Wao husubiri hewa iwe nzito kama mchuzi, ndipo wabebe mzigo wa watu wengi. Tundu Nyembamba wakasema ndiyo, mnabeba, na likitoka jua mnaurudisha wote juu ya mali za watu. Hapo yakafuata maneno ambayo Kidawa hakukubali kunitajia. Yeye alifikiri kwamba pande zote mbili zimesema kweli, na kwamba ghala lenye mtunzaji mmoja wa kila namna lingekuwa salama masika na kiangazi. Akanyoosha mkono aseme hivyo. Akaambiwa kwamba mjadala huo ni wa tangu enzi na enzi, na si adabu mgeni kuja kuumaliza.

Baadaye kikafuata kipimo. Msidhani wenye akili hizo hawana kipimo. Wanacho, na wanakipenda. Washindani walikalishwa kwenye viti, katikati likawekwa beseni la maji ya moto linalofuka mvuke, na waamuzi wakawa wanatazama nyuso zao. Atakayeinuka na uso ule ule aliokaa nao ndiye mshindi.

"Samahani," alisema Kidawa, "mbona hamuwapimi uzito kabla na baada? Atakayezidi uzito ndiye aliyenywa unyevu mwingi."

Mheshimiwa Shaame alimgeukia kwa huruma. "Binti yangu, mtu mzima hapimwi kama papai."

Watu wakampigia makofi, na kila makofi yalipopigwa, maji yaliruka.

Mvuke ukapanda. Mheshimiwa Shaame alikaa wima, mweupe vile vile. Bwana Faki alikishusha kilemba mpaka kwenye nyusi. Bi Chiku alianza kugeuka kwenye ncha za vidole, rangi ikapanda mikononi, ikafika shingoni, hata masikio yakawa waridi matupu. Akina mama wakawaziba watoto macho. Bi Chiku akainuka kitini taratibu, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Nimejaa. Naomba tanuri."

Kwa aibu iliyoingia hapo, Kidawa alisema, hata yeye mgeni aliinamisha kichwa. Bi Chiku akafukuzwa kazi pale pale kwa kosa la kubadilika akiwa na wadhifa, akapewa kazi ya kufagia maji katika nyumba ya wageni. Na kwa kuwa sheria humpa mgeni haki ya kuchagua mtunzaji wake, ili baadaye lawama iwe yake, Kidawa akaulizwa anamtaka nani. Akamtazama yule mama, amelegea, amegeuka rangi mbele za watu. Akamtazama Mheshimiwa, ametulia tuli. Akakikumbuka na kibuyu cha mjomba, kizima kabisa, kikingoja nyumbani. Akamkabidhi Shaame. Msimcheke, na nyinyi mngemkabidhi.

Mheshimiwa akaingia ghalani na kibuyu, na mlango ukafungwa kwa nta. Hautafunguliwa, walimwambia, mpaka siku mgeni anapoondoka, kwa sababu kufungua mlango ni kuingiza unyevu. Hiyo ilikuwa sheria ya maana kabisa. Kidawa aliisifu.

Katika nyumba ya wageni godoro lilikuwa la kukamua. Siku ya saba Kidawa alikuwa akilikamua dirishani alipoingia Bi Chiku na ufagio, akiyasukuma maji kutoka chumba cha jirani. Akishamaliza hapo, atayasukuma chumba kinachofuata, na wa huko atayarudisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umempa Shaame."

"Nimempa asiyebadilika."

Bi Chiku akaegemea ufagio. "Hebu sikia. Mimi uliniona nimejaa kwa sababu mwili wangu husema. Wa Shaame hausemi. Lakini kujaa, tunajaa sote, hakuna aliyezaliwa bila mwisho. Yule alishika ghala kabla yangu, na tanurini hajakanyaga tangu alipovishwa nishani ya kwanza."

"Sasa kwa nini haendi?"

"Aende vipi? Hiyo nishani ni ya mtu asiyehitaji tanuri!" Bi Chiku akacheka, na maji yakamtoka kwenye viwiko. "Zamani lilikuwa linawaka kila siku, mwanangu. Unakaa kando, moto wa wastani, mvuke unakutoka mabegani, mnapiga soga, unarudi kazini mwepesi. Wala hakuna sheria iliyolizima. Ila kuliomba ni lazima useme nimejaa, mbele za watu. Ikafika siku hapakuwa na wa kusema. Wa kwetu wengine sasa hujipaka buluu ya kufulia nguo, hao ndio wanaolinda ghala la dawa."

Kidawa hakungoja asikie la pili. Alitoka mbio mpaka kwenye mlango wa ghala, akaweka pua kwenye ufa. Alitarajia harufu ya ukungu. Haikuwa ukungu. Ilikuwa harufu ya shamba lililopandwa juzi, nzuri kabisa, na ndiyo iliyomfanya aupige mlango kwa ngumi.

"Fungueni!" alisema.

"Siku ya kuondoka," alisema Bwana Faki, aliyekuwa amemfuata akihema. "Ndiyo sheria."

"Basi naondoka leo."

"Leo?"

"Leo hii, Bwana Faki. Sasa hivi. Naaga."

Bwana Faki akakuna nyuma ya sikio, kilemba kikapanda, na ukijani ukaonekana umefika kwenye shavu. Kwa kuwa mgeni ameaga, hapakuwa na la kujadili; nta ikavunjwa. Akaingia Kidawa peke yake, maana raia haruhusiwi kumtazama Mkuu akiwa kazini.

Mheshimiwa Shaame alikuwa ameketi kwenye kigoda, kibuyu mapajani. Maji yalimtiririka kwenye mikono ya koti. Mtama ulikuwa umeota. Ulikuwa umetokeza mdomoni mwa kibuyu, mizizi imeingia kwenye nyuzi za koti lake, na majani mabichi yamesimama kifuani katikati ya nishani.

"Kavu kabisa," alisema kabla hajaulizwa.

"Mheshimiwa, umeniua," alisema Kidawa. "Umewaua na watu wa kwetu. Mbegu iliyoota nitaibebaje?"

Mzee yule alitazama mlango. "Urudishie," alisema kwa sauti ndogo.

Akaurudishia.

"Nimejaa," alisema Mheshimiwa Shaame. "Pengine nilijaa kabla wewe hujazaliwa. Nikiinama yanatoka. Nikicheka yanatoka. Mke wangu alipofariki sikuthubutu kulia, maana yangeanza yasingekoma, na watu wangejua." Alikuwa anatetemeka, na alipotetemeka maji yalimwagika zaidi. "Wewe ndiye wa kwanza kulisikia."

Hasira ya Kidawa haikuisha, msije mkadhani iliisha. Lakini ilichanganyika na kitu kingine, akajikuta amepiga magoti kumsaidia yule mzee kung'oa mizizi kotini. Wakakitoboa kibuyu taratibu, wakamwaga vilivyomo kwenye kanga, wakachambua. Zilizokuwa juu zote zimeota, hazina faida tena. Za chini, kiasi cha nusu kibuyu, zilikuwa ngumu bado, ila zimelowa.

"Hizi nazo zitaota kabla sijafika mpakani," alisema Kidawa.

"Mpe Chiku," alisema Mheshimiwa.

"Si amejaa?"

"Tanuri lipo. Mpe Chiku. Yule akishindwa utamwona. Mimi huwezi kuniona."

"Basi njoo na wewe, mheshimiwa. Neno ni hilo hilo uliloniambia mimi. Kaliseme nje."

Mheshimiwa Shaame akazigusa nishani zake, moja moja. "Humu ndani naliweza," alisema. "Nje sijui linaanzia wapi."

Akabaki. Kidawa akatoka na mbegu zake ndani ya kanga.

Kuwasha tanuri katika nchi iliyolowa si mchezo. Utapata wapi kuni? Bwana Faki alisema kwa furaha kwamba haziko, na kwamba anasikitika sana. Lakini Bi Chiku alipong'oa nyasi na kusukuma mlango, walizikuta kuni ndani, zimepangwa vizuri na mtu wa mwisho aliyelizima, akijua kesho wenzake watakuja. Matofali mazito yalikuwa yamezitunza muda wote ule. Zilishika kwa kiberiti kimoja. Bi Chiku alikaa kando, akafumba macho, na mvuke ukaanza kumtoka mabegani.

"Moto usizidi, mwanangu," alionya. "Ukizidi naungua, na nikiungua sifai tena, si kwa kazi wala kwa harusi."

Buluu ikaanza masikioni, ikashuka shingoni, ikafika vidoleni. Bi Chiku akanyoosha mikono, akaomba zile mbegu, akazipakata. Kabla moto haujapungua, kanga iliyozifunga ilikuwa kavu, nguo kavu ya kwanza ambayo Kidawa aliigusa tangu aingie katika nchi ile. Akaiweka shavuni, na machozi yakamtoka, kosa la jinai huko, lakini hakuna aliyemkamata.

Baraza, kwa upande wake, lilikutana kwa dharura kuhusu majani yaliyobaki kotini mwa Mkuu, yaliyoonekana mlangoni Kidawa alipotoka. Lilijadili kwa kina na kupitisha kwamba kijani cha mtama ni aina ya weupe uliokomaa. Mheshimiwa Shaame alivishwa nishani nyingine, ya kilimo.

Kidawa na Bi Chiku waliondoka pamoja, maana Bi Chiku hakuitaka kazi ya ufagio wala kazi haikumtaka yeye. Walipopita chini ya ghala, dirisha dogo lilifunguka.

"Moto bado upo?" sauti iliuliza.

"Upo, mheshimiwa," alisema Kidawa.

"Vizuri," ilisema sauti, na dirisha likafungwa.

Walipogeuka nyuma wakiwa mbali, moshi ulikuwa bado unatoka. Bwana Faki alionekana akiingia kwa mlango wa uani, taulo kichwani. Ukimuuliza, atasema alikwenda kukagua.

Njiani Bi Chiku aligeuka waridi kila mara, na kila alipogeuka alisema, "Simama, mwanangu, nimejaa," wakasimama, wakatafuta pango au kibanda cha mtu, wakawasha moto, akakauka, wakaendelea. Kidawa mwanzoni aliona wanacheleweshwa. Kisha akafungua kanga akazitazama mbegu, kavu, akaenda kutafuta kuni.

Wakafika Tambani msimu ukikaribia. Watu wote walitoka na kukusanyika mbele ya ghala, na mbele yao mjomba Makame.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Habari za huko?"

Kidawa alifungua kinywa, na neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, lile ambalo amelisema tangu anajifunza kusema: nzuri. Alisikia kabisa linavyotaka kutoka lenyewe. Akaliuma.

"Mbaya, mjomba," alisema. "Nimerudi na nusu. Nusu nyingine imeota, na aliyeiotesha nilimchagua mwenyewe, kwa sababu alikuwa na uso mzuri."

Hakuna aliyejua aweke wapi macho yake. Tambani hawajazoea salamu ijibiwe hivyo. Mjomba Makame ndiye aliyeduwaa zaidi. Alitazama ile kanga mkononi mwa yule mgeni wa buluu, akatazama mlango wa ghala lake, mdomo ukaanza kumcheza.

"Na changu," alisema.

"Chako kimefanyaje, mjomba?"

"Kimeoza, Kidawa. Kilikuwa kimeoza hata siku ile unaondoka. Nilikifungua, nikaona, nikakifunga. Niliona haya kuwaambia watu."

"Mimi nilimpa Shaame kwa kukitegemea hicho," alisema Kidawa.

Mjomba akafunika uso kwa kofia yake, akalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Watu wa Tambani wakasimama wakaijua hali yao kwa mara ya kwanza: mbegu yote ya mtama mwekundu iliyobaki duniani ni ile nusu kibuyu, inatosha shamba moja, na mwaka huu watakula mihogo. Ilikuwa habari mbaya sana, na watu wakaanza kugawana kazi. Huyu alisema shamba lake liko juu, halituami maji. Yule akasema atatoa jembe. Mwingine akajitolea kulinda ndege.

Bi Chiku alikuwa amekaa kizingitini mwa ghala na mbegu mapajani, hewa nzito ya Tambani ikimzunguka, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kugeuka waridi.

"Jamani, poleni sana," alisema. "Sahani yangu iwe mbali na zenu, kikombe changu mbali, hilo mlijue mapema. Na la pili, nimejaa. Nani ananiwashia moto?"

Mjomba Makame alifuta uso, akatangulia mbele ya wote kwenda kuleta kuni.